Mefiboshethi, Mtoto Aliyeangushwa

Somo la 2 Samweli 4:4 na sura ya 9, kwa wazee wa kanisa na walimu wa kipaimara

Somo la mwezi huu latoka katika mstari mmoja ambao wasomaji wengi huupita mbio, maana umewekwa katikati ya habari za vita na mauaji. Fungueni 2 Samweli 4:4 mkausome polepole, kisha someni sura ya 9 yote, ndipo mrudi hapa.

Habari yenyewe ni hii. Sauli na Yonathani wameuawa katika mlima Gilboa, na habari ikafika nyumbani kutoka Yezreeli. Yonathani alikuwa na mwana wa miaka mitano. Yaya wake akamtwaa akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Jina lake Mefiboshethi.

Hesabuni mambo aliyopoteza mtoto huyu kwa siku chache: baba, babu, nyumba, na miguu. Wala yeye hakuwa amekosa neno lo lote. Tena mwangalieni yule yaya. Andiko halimlaumu. Hakumwangusha kwa ukatili, bali alikuwa akikimbia ili aokoe roho mbili. Nadhani jambo hili limeandikwa tusije tukafikiri ya kwamba kila mtoto aliyeumizwa ameumizwa na mtu mwovu. Waovu wako, nasi tutawataja mbele. Lakini watoto wengi huangushwa na mikono iyo hiyo iwapendayo, mikono ya watu wanaokimbia njaa, au deni, au ugonjwa, au mume mlevi. Mama aliyepigwa usiku humpiga mtoto asubuhi kwa ajili ya kikombe kilichovunjika.

Miaka ikapita. Twamkuta tena Mefiboshethi huko Lo-debari, ng'ambo ya Yordani, akikaa nyumbani kwa Makiri mwana wa Amieli. Sasa ni mtu mzima, naye ana mwana mdogo jina lake Mika. Lakini sikilizeni asemavyo anapoletwa mbele ya mfalme: ajiita mbwa mfu. Miguu yake iliumia siku moja, lakini neno hili lilikua ndani yake kwa miaka mingi. Mguu uliolemaa kila mtu huuona. Ni nani aonaye neno kama hili, lililofichwa ndani ya mtu aketiye kando yetu kanisani?

Katika siku zetu madaktari wamechunguza sana habari hii, nasi yafaa tuwasikilize, kwa kuwa wanayoyasema yatuhusu. Mwaka 1985, katika mji wa San Diego huko Marekani, daktari mmoja jina lake Vincent Felitti alikuwa akiwatibu watu wanene kupita kiasi ili wapungue uzito. Akastaajabu alipoona ya kuwa wengi walioacha matibabu ni wale wale waliokuwa wakipungua vizuri. Akaanza kuwauliza habari za maisha yao, hata akagundua ya kwamba wengi wao walinajisiwa walipokuwa watoto. Unene, ambao yeye aliuhesabu kuwa ndio ugonjwa, kwao ulikuwa kama ngao ya kujifichia.

Baadaye yeye na daktari mwenzake, Robert Anda, wakawauliza watu wazima zaidi ya 17,000 katika miaka ya 1995 hata 1997, na habari za kwanza zikachapishwa mwaka 1998. Waliuliza juu ya mateso ya namna kumi yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18: kupigwa, kutukanwa na kutishwa, kunajisiwa, kukosa chakula na matunzo, kukosa kupendwa, kumwona mama akipigwa, wazazi kuachana, na kukaa nyumba moja na mlevi, au mtu mwenye ugonjwa wa akili, au mtu aliyefungwa gerezani. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepatwa na jambo moja au zaidi. Nao waliopatwa na manne au zaidi walionekana kuwa katika hatari kubwa kuliko wenzao waliokua salama: hatari ya ulevi, ya madawa ya kulevya, ya huzuni kuu, na ya kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hata mara 12. Hata magonjwa ya moyo na ya ini yalizidi kwao.

Watu hao hawakuwa maskini. Wengi walikuwa na kazi, na elimu, na bima ya matibabu. Basi mtu asiseme ya kuwa mambo haya ni ya watu wa mabondeni na vichochoroni tu. Lakini wengine wakauliza, na wakauliza kwa haki: je, mtoto wa mtaa wa maskini hana mateso mengine ambayo hesabu ya San Diego haikuyataja? Kwa hiyo katika mji wa Philadelphia, mwaka 2012 na 2013, wakaongeza maswali: kuona watu wakipigwa au kuuawa mtaani, kubaguliwa kwa ajili ya rangi au taifa, kukaa mahali pasipo usalama, kuonewa na watoto wenziwe, na kulelewa na watu wasio jamaa zake kwa amri ya serikali. Maana yake ni hii: mtoto aweza kuangushwa na mtu mmoja nyumbani, tena aweza kuangushwa na mji mzima.

Mtu atauliza, mambo ya utotoni yawezaje kuudhuru mwili miaka arobaini baadaye? Mbiu ya mgambo ikilia kijijini, kila mtu hutupa jembe akakimbilia hatari. Ni vema hivyo. Lakini kama mbiu ikilia kila usiku, mwaka mzima, ni nani atakayelima? Shamba litaingia magugu, na watu watachoka, watakuwa wakali, watashtuka hata kuku akiruka. Mwili nao una mbiu yake. Mungu ameweka juu ya mafigo yetu tezi mbili ndogo, na mtu akiogopa hutoa maji yake katika damu: moyo hupiga mbio, miguu hupata nguvu, na fikira za kutulia huwekwa kando. Hofu ikipita, mwili hutulia. Lakini mtoto ambaye hofu yake haipiti, mbiu yake hulia daima, na kazi za ukuaji, za kujifunza, na za kupigana na magonjwa huharibika kidogo kidogo.

Sasa na tuingie darasani. Yuko mtoto aketiye nyuma. Amri Kumi hazishiki moyoni ijapokuwa amezirudia mara ishirini. Mlango ukigongwa hushtuka. Leo asinzia, kesho ampiga mwenzake kwa ajili ya kalamu. Sisi twamwita mtundu, au mvivu, na wengine hunong'ona ya kuwa ana pepo. Twauliza, mtoto huyu ana nini? Swali lifaalo zaidi ni hili: mtoto huyu amepatwa na nini? Simaanishi ya kwamba kila mtoto mzito wa kujifunza ameteswa. Mwingine ana njaa tu, kwa kuwa ametembea saa mbili bila uji. Mwingine hasikii vizuri kwa sikio moja. Na mwingine apenda mchezo, kama sisi sote tulivyoupenda. Wala mwalimu asifanye hesabu ya mateso na kumwandikia mtoto namba. Daktari Anda mwenyewe alionya mwaka 2020 ya kwamba hesabu ile ilifanywa kwa kuchunguza makundi ya watu, na haifai kutumiwa kumpima mtu mmoja mmoja na kumtabiria mwisho wake.

Nasi katika Tanzania tusifikiri ya kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 2009 vijana wa miaka 13 hata 24 waliulizwa katika nchi yetu, Bara na Visiwani, na taarifa ikatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 katika 10 walisema ya kuwa walitendewa jeuri ya uasherati kabla ya kutimiza miaka 18, na katika wavulana, karibu 1 katika 7. Waliopigwa ngumi, au mateke, au kuchapwa, walikaribia robo tatu ya wote. Waza darasa la wasichana 20 na wavulana 20. Kwa hesabu hiyo, kabla hawajawa watu wazima, wasichana wapata 6 na wavulana wapata 3 wataubeba mzigo ule wa kwanza, na wengi wao hawatamwambia mtu ye yote.

Hapa wengine hutaja Mithali na fimbo. Mimi nawaomba wasome pia Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, wapate kuona Mtume awakataza akina baba, si akina mtoto. Tena sisi tulio Walutheri tunao ushahidi wa baba yetu wa imani. Martin Luther, aliyezaliwa mwaka 1483, alipokuwa mtu mzima aliwasimulia wageni mezani pake ya kwamba mama yake alimpiga kwa ajili ya kokwa moja hata akatoka damu. Na ya kuwa baba yake alimchapa siku moja hata akamkimbia, ikawa kazi kwa baba kuuvuta tena moyo wa mwanawe. Shuleni Mansfeld alichapwa mara 15 asubuhi moja, kwa kushindwa kusema maneno ya sarufi asiyofundishwa. Angalieni ya kuwa hakusahau. Mwanachuoni huyu aliyesahau maadui wengi aliikumbuka kokwa. Na mwaka 1524, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wajenge shule, alizilaumu shule za zamani kwa mateso yake, akataka watoto wajifunze kwa furaha.

Basi turudi kwa Daudi. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuuliza kama yuko aliyesalia. Hakungoja Mefiboshethi aje mlangoni. Na mtu ajionaye kuwa mbwa mfu haji mlangoni. La pili, alimtumia watu wakamleta. La tatu, alipomwona ameanguka kifulifuli, alimwambia asiogope. Angalieni ya kwamba neno hili latangulia zawadi zote. Mtoto ambaye mbiu yake inalia hasikii mafundisho mpaka amesikia kwanza ya kwamba yu salama. Mwalimu awezaye kuanza darasa kwa saa ile ile, kwa wimbo ule ule, na kwa kumwita kila mtoto kwa jina lake, na asiyebadilika leo mpole na kesho simba, amekwisha fanya sehemu kubwa ya kazi hii. Wala halihitaji fedha.

Lakini sasa inakuja sehemu ambayo sharika zetu huipenda kidogo. Someni mstari wa 7. Kabla ya kumtajia meza yake, Daudi amrudishia Mefiboshethi mashamba yote ya Sauli. Shamba kwanza, ndipo meza. Sisi kwa kawaida hutoa meza bila shamba. Wakati wa Krismasi twawakusanya yatima, twawapa wali na nguo, twawapiga picha, wanarudi nyumbani. Na shamba la baba yao liko mkononi mwa baba mdogo, ambaye pengine ni mzee wa kanisa naye amesaidia kugawa wali. Je, mtoto yule amefarijiwa? Amelishwa mara moja na yule yule aliyemnyang'anya.

Wababa zetu waliliona jambo hili. Mwaka 1523, kwa shauri la Luther, usharika wa Leisnig katika Ujerumani uliandika sheria za sanduku la pamoja. Mali ya kanisa iliwekwa ndani yake, na katika matumizi yaliyotajwa walikuwamo yatima, maskini wa mji, na mafundi walioishiwa waliohitaji mkopo wa kuanza upya kazi yao. Sheria ile haikutimizwa vizuri, lakini ilionyesha njia: kumtunza mtoto aliyeangushwa si kazi ya mtu mmoja mwenye huruma, ni kazi ya usharika mzima wenye sanduku, na daftari, na watu waliochaguliwa.

Na katika nchi yetu Mungu ametuonyesha njia iyo hiyo huko Kagera. Mkoani humo, mwaka 1983, walitambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, na baada ya miaka michache nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya kanisa letu ikaanzisha Huduma ya Watoto, iliyojulikana kwa kifupi HUYAWA. Na huko Nshamba, wilaya ya Muleba, kulianzishwa kazi iliyoitwa Humuliza, yaani kufariji kwa Kihaya. Waliofanya kazi hiyo waliona ya kwamba mtoto aliyefiwa huhitaji mtu wa kumsikiliza huzuni yake, si ada ya shule peke yake. Tena waliona ya kwamba yatima hataki kuwa mpokeaji siku zote. Mwaka 2000 vijana yatima wenyewe wakaanza chama chao, Vijana Simama Imara, wakichagua viongozi wao na kusaidiana wao kwa wao. Tangu mwaka 2003, huko huko Nshamba, kazi nyingine iitwayo Kwa Wazee ikaanza kuwapa wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu, fedha kidogo kila mwezi. Waliokwenda kupima matunda yake waliipa taarifa yao ya mwaka 2008 jina la vitu vinavyonunuliwa na bibi: chumvi, sabuni, na viatu vya shule. Jina hilo lanipendeza kuliko hotuba nyingi. Bibi mwenye sabuni na chumvi ana nafasi ya kumsikiliza mjukuu wake anapolia usiku.

Yuko mtu mwingine katika habari hii, naye ni Siba. Siba alikuwa mtumishi wa nyumba ya Sauli, mwenye wana 15 na watumishi 20. Katika sura ya 16 amwendea Daudi akiwa taabuni, akamsingizia Mefiboshethi, naye Daudi akamhukumu palepale, asimsikie, akampa Siba mali yote. Katika sura ya 19 Mefiboshethi aja mwenyewe, hajaosha nguo wala kukata ndevu tangu mfalme alipoondoka, na Daudi, badala ya kuchunguza, akata shamba nusu kwa nusu. Mimi naona Daudi alikosa hapa. Alichoka, akataka neno liishe. Ndivyo mabaraza yetu yafanyavyo: mwenye wana 15 husikiwa, na asiyeweza kutembea huhukumiwa kwa maneno ya mwingine.

Nalitaja jambo moja lililo zito, kwa maana halitapona kwa kunyamaziwa. Msichana wa kipaimara aonekana ana mimba. Katika sharika kadha wa kadha desturi ni kumtenga, na jina lake kusomwa, wakati aliyempa mimba hatajwi, au amewekwa mstari wa mbele. Ndugu wazee, kwa sheria ya nchi yetu ya mwaka 1998, kumwingilia msichana wa miaka 14 ni ubakaji, hata kama wasema alikubali. Basi tumemtenga nani? Tumemshika aliyeangushwa, tukamwacha aliyeangusha. Serikali yenyewe, mwezi wa Novemba 2021, iliwafungulia wasichana waliozaa mlango wa kurudi shuleni. Je, mlango wa kanisa uwe mwembamba kuliko wa shule? Nidhamu ya kanisa ni ya kumrudisha mwenye dhambi, wala sikusudii kuifuta. Lakini kabla ya kutaja toba, baraza limpe mama mmoja wa kuaminika kazi ya kuketi na msichana huyo na kumsikiliza, bila haraka.

Na mtoto akikuambia, sikiliza, usimshike maneno kama wakili, wala usimwahidi ya kuwa utaficha. Mwambie ya kuwa umefanya vema kusema, na ya kuwa kosa si lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampasa kila mtu ajuaye ya kuwa mtoto anaonewa kupeleka habari kwa serikali ya mahali. Liko Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na simu ya 116 ni ya kazi hii hii. Wala jambo hili lisimalizwe kwa mbuzi kati ya koo mbili. Tena lisitajwe kwa jina katika maombi ya pamoja. Maana ziko jumuiya ambamo maombi yamekuwa njia ya kupeleka habari za watu.

Wengine watakata tamaa wakisema, aliyeumizwa hivyo hatapona. Sivyo. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955, miaka mingi, hata wakawa watu wazima. Katika wale waliozaliwa penye shida nyingi, karibu theluthi moja walikua wakawa watu imara wenye upendo. Moja ya sababu zilizoonekana ni kwamba kila mmoja alikuwa na mtu mzima angalau mmoja aliyempokea kwa moyo, mara nyingi si mzazi, bali bibi, au shangazi, au mwalimu, au mtu wa kanisani. Mefiboshethi naye alikuwa na mtu kama huyo kabla ya Daudi kuuliza. Makiri alimpa mlemavu wa nyumba iliyoshindwa mahali pa kulala, wakati jambo hilo halikuwa na faida yo yote kwake. Na katika 2 Samweli 17:27-29, Daudi anapomkimbia mwanawe mwenyewe, ni nani waletao vitanda, na ngano, na asali, na jibini? Mmoja wao ni Makiri.

Mwalimu atakayelifundisha somo hili na awape wasikilizaji nafasi ya kujibu kabla ya kuwapa mawazo yake. Na awaulize: Katika usharika wetu Lo-debari ni wapi, na ni nani akaaye huko? Ni mtoto gani aliyeacha darasa mwaka huu, na je, yuko aliyemfuata nyumbani kuuliza sababu? Wajane na yatima wa jumuiya yetu, mashamba yao yako mkononi mwa nani sasa, na ni nani katika baraza atakayesimama nao mbele ya ukoo? Katika sanduku la usharika, ni kiasi gani kilichotengwa kwa bibi waleao wajukuu, nacho chatolewa kila mwezi au Krismasi tu? Kwa maswali mawili ya mwisho daftari liwepo mezani.